Ripoti ya hitilafu inayoshughulikiwa, na pendekezo linalosomwa hadi mwisho

Mtunzaji wa programu huria anapofungua tiketi mpya, yaani ripoti iliyowekwa kwenye ukurasa wa mradi, hujiuliza swali moja kwanza: naweza kuiona hitilafu hii kwenye mashine yangu? Akiweza, kazi imeanza. Asipoweza, yanaanza maswali ya toleo gani, mfumo gani, faili gani, na kila swali hula siku mbili tatu mpaka mmoja wenu achoke. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumfikisha mtu huyo kwenye hitilafu kwa dakika chache. Mapendekezo ya usanifu yanafuata baadaye, kwa kuwa makosa yake ni ya namna nyingine.

Kabla hujaandika chochote

Anza na toleo. Andika namba kamili inayotolewa na `programu --version`. Maneno "toleo jipya" hayafai, kwani jipya la leo ni kuukuu mwezi ujao. Kisha jaribu toleo la karibuni kabisa, na kama unaweza kujenga programu kutoka kwenye msimbo chanzo, jaribu tawi kuu pia, yaani msimbo wa sasa ambao bado haujatolewa kama toleo. Mifumo ya Linux kama Debian stable hukaa na toleo lile lile kwa miaka, ikiliwekea viraka vichache tu, yaani marekebisho madogo ya msimbo. Hitilafu unayoiona huenda ilishatibiwa zamani, au imeletwa na kiraka cha waliofungasha programu kwa ajili ya mfumo wako. Ikionekana kwenye kifurushi tu, na kwenye msimbo wa asili haipo, ripoti iende kwa waliofungasha. Debian wana amri ya `reportbug` ambayo hukusanya yenyewe matoleo ya vifurushi vinavyohusika. Kwenye kiini cha Linux, endesha `cat /proc/sys/kernel/tainted`. Ikitoa kitu kisicho 0, kiini kimewekewa alama ya kuchafuliwa, tafuta sababu kwanza. Mara nyingi ni moduli ya nje (kipande kisichotoka kwenye msimbo rasmi wa kiini), na ripoti ya kiini chenye moduli ya nje hupokelewa kwa mashaka.

Pili, jaribu bila mipangilio yako. Hitilafu nyingi "za ajabu" hutoka kwenye faili la usanidi lililoandikwa miaka mitatu iliyopita na kusahauliwa. Kwenye Linux na macOS unaweza kuipa programu nyumba tupu ya muda:

```
env -u XDG_CONFIG_HOME HOME="$(mktemp -d)" programu
```

Hitilafu ikitoweka, mhalifu yumo kwenye usanidi wako. Rudisha nusu ya mipangilio, jaribu, kisha nusu ya nusu, mpaka ubaki na mstari mmoja. Kwenye kivinjari au kihariri, fanya hivyo hivyo kwa viongezi.

Tatu, tafuta kama imeshasemwa. Tafuta kwa maneno ya ujumbe wa kosa, ukiondoa sehemu zinazobadilika kama njia ya faili au namba ya mchakato, na tafuta hata kwenye tiketi zilizofungwa, maana majibu mengi yamo humo. Ukiikuta, usiandike "hata mimi". Kila maoni hutuma barua pepe kwa kila anayefuatilia tiketi. Weka alama ya kidole gumba, na uandike pale tu ulipo na kitu kipya: toleo jingine, mfumo mwingine, au mfano mdogo kuliko uliopo.

Kuna jambo moja la kukusimamisha kabisa. Kama hitilafu inamwezesha mtu kusoma, kubadili au kuendesha kitu asichoruhusiwa, usifungue tiketi ya wazi. Tafuta faili la `SECURITY.md` au anwani ya usalama ya mradi na uandike huko kwa siri. Muda wa siku 90 kabla ya kutangaza ni desturi inayofuatwa na wengi, lakini soma masharti ya mradi wenyewe.

Kupunguza mpaka ibaki mifupa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Chukua programu ya mfano, tuiite `jedwali`, inayopanga data ya CSV (jedwali la maandishi ambalo thamani zake hutenganishwa kwa mkato). Una faili la mistari 40,000 na safu wima 40. Unaendesha `jedwali panga --kwa jina wateja.csv`, inajibu kwamba safu `jina` haipo. Ukilifungua faili, safu unaiona kwa macho, tena ndiyo ya kwanza.

Kumtumia mtunzaji faili zima ni kumbebesha mzigo, na pengine ni kuvujisha data za watu. Kata nusu ya mistari, jaribu tena. Kosa likibaki, kata nusu nyingine. Likitoweka, rudisha na ukate upande wa pili. Kwa mistari 40,000, mara 15 hivi zinatosha kubaki na kichwa na mstari mmoja. Sasa kata safu wima. Unagundua kwamba kupanga kwa safu nyingine yoyote kunakubali. Ni ile ya kwanza tu inayokataa. Huo tayari ni ugunduzi, na unafaa kuandikwa.

Kisha unaandika faili hilo la mistari miwili upya kwa mkono, na hitilafu inatoweka. Wengi hapa hukata tamaa na kuandika "wakati mwingine hutokea". Lakini mafaili mawili yanayofanana machoni yametoa majibu tofauti, kwa hiyo kuna baiti zisizoonekana. Zitazame:

```
head -c 8 wateja.csv | od -An -tx1
 ef bb bf 6a 69 6e 61 2c
```

Baiti `6a 69 6e 61` ni neno "jina", na `2c` ni mkato. Tatu za mwanzo, `ef bb bf`, ni alama ya BOM ambayo baadhi ya programu za lahajedwali huiweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. `jedwali` inaihesabu kuwa sehemu ya jina la safu. Ripoti nzima sasa inaingia kwenye mistari miwili ambayo mtu yeyote anaweza kuinakili:

```
printf '\357\273\277jina,umri\nAsha,30\n' > a.csv
jedwali panga --kwa jina a.csv
```

Angalia kwamba faili linatengenezwa kwa amri, halikubandikwa. Ungebandika maudhui yake kwenye kisanduku cha tiketi, baiti zile tatu zingeweza kupotea njiani na mtunzaji angekujibu kwamba kwake inafanya kazi. Namba za octal (za msingi wa nane) zimetumika kuandika baiti hizo kwa sababu `printf` ya baadhi ya magamba ya amri, dash ikiwemo, haielewi `\xef`.

Ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi

Hitilafu ya namna hii ina thamani ya pekee, kwa kuwa inaweza kufuatiliwa hadi kwenye komiti moja, yaani badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo. Git, zana inayotunza historia hiyo, inakufanyia utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu. Kati ya komiti 1,000 unajaribu kama 10 tu:

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v2.3.0
git bisect run ./jaribu.sh
git bisect reset
```

`jaribu.sh` ijenge programu na kuendesha mfano wako mdogo. Iweke nje ya saraka ya mradi, au angalau isiwe sehemu ya komiti yoyote, isije ikabadilika kila Git inapohama. Itoke na 0 kama mambo ni sawa, na 1 kama hitilafu ipo. Mtego mkubwa uko kwenye ujenzi: komiti fulani katikati hazijengeki kabisa, na hati ikitoa 1 kwa sababu ya ujenzi kushindwa, `bisect` itamtia hatiani asiyehusika. Kwa hali hiyo toa 125, maana yake "ruka hii".

Hitilafu inayokuja na kuondoka huharibu `bisect` kimya kimya. Kama hutokea mara moja kati ya tano, jaribio moja kwa kila hatua halifai. Ukirudia mara 10, bado kuna uwezekano wa kama asilimia 11 kwamba haitajitokeza. Mara 20 huushusha hadi karibu asilimia 1. Rudia ndani ya hati kwa kitanzi. Kwenye ripoti, andika hesabu yenyewe: "mara 7 kati ya 50". "Mara kwa mara" hakuna anayejua ni mara ngapi.

Ikianguka, ikiganda, ikizembea

Programu iliyoanguka iombwe msururu wa miito, yaani orodha ya vitendakazi vilivyokuwa vikiendeshwa wakati huo. Kwenye mifumo yenye systemd inayohifadhi kumbukumbu za mianguko, andika `coredumpctl gdb` ili kufungua kitatuzi cha gdb, kisha ndani yake `thread apply all bt full`. Ukiona `??` zimejaa, alama za utatuzi hazipo. Zisakinishe kwanza, kwani msururu wa alama za kuuliza haumsaidii mtu. Programu iliyoganda usiiue upesi: ishike ikiwa hai kwa `gdb -p` na namba ya mchakato, utoe msururu ule ule. Ukiushika mara mbili kwa kupishana sekunde kadhaa, utajua kama imekwama mahali pamoja au inazunguka. Kabla ya kubandika, pitia matokeo ya `bt full`, kwa sababu huonyesha thamani za vigeu, na nenosiri laweza kuwa mojawapo.

Uzembe, yaani programu kwenda polepole, unahitaji namba mbili, ya kabla na ya baada, kwenye mashine ile ile. Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) kwenye tawi la Debian liitwalo *unstable* kumekuwa kuzito. Hakuandika kwamba "SSH ni nzito". Alipima: sekunde 0.299 kabla, 0.807 baada. Akafuatilia tofauti hiyo hadi kwenye maktaba ya liblzma, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, ambamo mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingia, ulikuwa umefichwa. Alianza kwa kuwajulisha watu wa usalama faraghani, kisha akatangaza hadharani tarehe 29 Machi. Nusu sekunde iliyopimwa ndiyo iliyofichua kila kitu.

Kuandika yenyewe

Kichwa kiseme ni sehemu gani, nini kinatokea, na lini. "Haifanyi kazi!!!" hakitafutiki. Ripoti ya mfano wetu ingekuwa hivi:

> `panga --kwa` haioni safu ya kwanza faili likianza na BOM
>
> Toleo: jedwali 2.4.1, na tawi kuu la leo. Debian 12, amd64.
>
> Hatua: (amri mbili za hapo juu)
>
> Nilichotarajia: mstari wa Asha utolewe.
>
> Kilichotokea: `kosa: safu 'jina' haipo`, msimbo wa kutokea 2.
>
> Safu nyingine zinafanya kazi. Bila baiti `ef bb bf` mwanzoni, hata `jina` inafanya kazi. 2.3.0 nayo ina tabia hiyo, kwa hiyo haionekani kuwa mpya.
>
> Dhana yangu, sijaithibitisha: msomaji wa kichwa haiondoi BOM.

Sehemu ya dhana imetengwa makusudi. Ulichokiona kwa macho na unachokifikiria visichanganywe kwenye sentensi moja, maana dhana yako ikiwa mbovu itamwelekeza mtunzaji njia isiyo yake. Usiseme tu "ilitoa kosa"; nakili ujumbe herufi kwa herufi. Maandishi yabandikwe kama maandishi, kati ya alama tatu za nukuu ya nyuma, yaani ```` ``` ````. Picha ya skrini inafaa pale tu tatizo ni la kuonekana, kwa sababu maandishi yaliyo kwenye picha hayatafutiki wala hayanakiliki.

Logi ndefu iambatishwe kama faili, ukibandika mistari kama 20 inayozunguka kosa la *kwanza*. Makosa ya mwisho mara nyingi ni matokeo tu ya lile la kwanza. Pitia uondoe tokeni (funguo za siri za kuingilia huduma), manenosiri, anwani za watu na majina ya seva za kazini. Ukikuta umeshachapisha tokeni, kufuta hakutoshi: historia ya marekebisho huweza kubaki, na barua pepe zimeshatumwa. Batilisha tokeni hiyo papo hapo.

Miradi mingi huendeshwa kwa Kiingereza. Kama mashine yako hutoa ujumbe kwa lugha nyingine, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili ujumbe utoke kwa umbo ambalo mtunzaji anaweza kulitafuta kwenye msimbo wake. Ila kama hitilafu yenyewe inahusu herufi au lugha, `LC_ALL=C` inaweza kuificha, kwa hiyo jaribu pande zote mbili na useme. Sentensi fupi zenye makosa ya sarufi hazimsumbui mtu. Kinachochosha ni aya ndefu zilizotungwa na akili mnemba ambazo mtumaji hakuzijaribu, zikitaja hata vitendakazi visivyokuwepo. Ukitumia zana hizo kutafsiri, sawa. Amri na matokeo lazima yawe yametoka kwenye terminali yako.

Hitilafu moja, tiketi moja. Na usipandishe uzito. Debian wana ngazi saba, kuanzia *critical* hadi *wishlist*, na *grave* imewekewa masharti yake: kifurushi hakitumiki kabisa au karibu kabisa, kinapoteza data, au kinafungua pengo la usalama. Kitufe kilichokaa vibaya hakimo humo, hata kama kinakukera kila siku.

Pendekezo la usanifu

Pendekezo baya huanza na suluhisho: "Ongeza chaguo la `--ondoa-bom`." Mtunzaji analazimika kurudi nyuma kukisia ni shida gani iliyokusukuma. Anza na shida: mafaili yanayotoka kwenye lahajedwali hayapangiki kwa safu ya kwanza, na mtumiaji hana dalili yoyote ya sababu. Ukiishaieleza hivyo, unaona mwenyewe kwamba chaguo jipya ni njia dhaifu, kwa kuwa asiyejua kuwa kuna BOM hatajua kulitumia. Kuiondoa kimya kimya ni njia nyingine, kutoa onyo ni ya tatu.

Kwa jambo dogo, aya nne ndani ya tiketi zinatosha. Kwa jambo kubwa, uliza kwanza kwa ufupi kama wazo lina mlango, kabla ya kuandika hati ya kurasa kumi au msimbo wa mistari elfu. Kiraka kikubwa kilichotua bila mazungumzo humweka mtunzaji kwenye kona: akikubali anarithi usanifu ambao hakuuchagua, akikataa anaonekana mkatili. Baadhi ya miradi ina mlango rasmi. Lugha ya programu ya Python hutumia hati za mapendekezo ziitwazo PEP tangu mwaka 2000, na asiye msanidi wa ndani lazima apate mdhamini miongoni mwao. Rust, lugha nyingine ya programu, hutumia hati za namna hiyo ziitwazo RFC tangu 2014, na kabla ya uamuzi huwa na siku 10 za mwisho za maoni. Soma mapendekezo mawili yaliyokubaliwa na moja lililokataliwa kwenye mradi husika. Lile lililokataliwa ndilo litakalokufundisha zaidi.

Sehemu ambazo waandishi huzipitia juu juu ndizo zinazoamua:

*Gharama.* Kiolezo cha RFC za Rust kinauliza waziwazi kwa nini jambo hili lisifanywe. Jibu kwa uaminifu. Kila chaguo jipya lina nyaraka, majaribio, na mtu atakayelijibia miaka mitano ijayo. "Hakuna hasara" ni jibu la asiyetafuta.

*Wanaotegemea tabia ya sasa.* Kuna mtu aliyekwisha kuizoea BOM, na hati yake inaita safu ya kwanza kwa jina lenye baiti zile tatu ndani. Ukiondoa BOM kimya kimya, hati yake inakufa. Sema hivyo, na upendekeze njia ya kuhama: onyo kwenye toleo moja, badiliko kwenye linalofuata.

*Njia zilizoachwa.* Ziandike pamoja na sababu, na uendelee kuziongeza mjadala unavyokwenda. PEP zina sehemu yake maalumu ya mawazo yaliyokataliwa. Bila hiyo, kila mgeni anayeingia hufufua hoja iliyozikwa juzi.

*Yasiyojulikana.* Mafaili mawili yakiunganishwa, BOM ya la pili inabaki katikati, tuifanyeje? Na kwenye kutoa, tuirudishe? Kuyaacha maswali haya wazi ni bora kuliko kuyajibu kwa haraka.

*Nani atafanya.* Sema kama utaandika msimbo, au unaweza kujaribu tu. Vyote vinakubalika. Kukaa kimya humfanya kila mmoja adhani mwenzake anashughulikia.

Mjadala ukianza, rekebisha hati, usirundike majibu chini yake. Mtu akikuonyesha kasoro, ibadili hati na umjulishe kwa mstari mmoja kilichobadilika. Mijadala ina bei kwa wanaoibeba: baada ya mvutano mkali juu ya PEP 572, iliyoleta alama ya `:=`, Guido van Rossum alijiuzulu uongozi wa Python Julai 2018, ijapokuwa pendekezo lenyewe lilipita. Ukiambiwa hapana pamoja na sababu, umejibiwa. Unaruhusiwa kuuliza ni nini kingebadili jibu hilo, mara moja.

Baada ya kutuma

Kaa karibu siku chache za kwanza, maana swali likijibiwa siku hiyo hiyo mtunzaji bado ana picha kichwani. Ukipewa kiraka cha kujaribu, jibu hata kama hakikusaidia, ukitaja komiti uliyojenga. Kimya kikizidi wiki tatu, rudi na habari: jaribu toleo jipya na uandike kama hitilafu bado ipo. "Kuna jipya?" peke yake haliongezi kitu. Ukipata ufumbuzi mwenyewe, andika ulivyofanya, toleo lililorekebisha kama unalijua, kisha funga tiketi.